Kipande cha Mwalimu Mlimani

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema, ili nikifika pale nilipomfokea mtoto wa watu kwa sababu ya swali zuri, msinishangae. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari juu kule milimani Mbinga, miaka ile soko huria lilipokuwa linaingia na kila mtu, hadi walimu, akawa anatafuta namna ya kujiongezea. Kwetu ni Singida, tambarare tupu, na mimi ni Mwislamu. Nilipopangiwa Mbinga nililia siku mbili, maana niliambiwa kuna baridi, kuna mlima kila upande, na msikiti wa karibu ni mjini.

Siku hiyo ya kufoka nilikuwa nafundisha kidato cha nne. Mtaala ulitaka tufundishe kwa Kiingereza. Mimi niliandika ubaoni kwa Kiingereza, nikafunga mlango, nikaeleza kwa Kiswahili, watoto wakaelewa. Mada ilikuwa umoja wa kujihami wa nchi za Magharibi. Nikawaambia: vita kuu ya pili imekwisha, Ulaya imebomoka, watu wanagawiwa mkate kwa kadi, na jeshi la upande wa Mashariki limesimama katikati ya bara halirudi nyumbani. Nchi moja moja zikaona haziwezi. Basi mwaka arobaini na tisa nchi kumi na mbili, za Ulaya pamoja na Marekani na Kanada, zikaandikiana mkataba, na roho ya mkataba huo ni kifungu cha tano: akishambuliwa mmoja, tumeshambuliwa wote. Upande wa Mashariki nao, miaka sita baadaye, ukaunda wa kwao. Wakatazamana kwa bunduki miaka nenda rudi.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa anatoka Ngumbo, kule chini ziwani, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Mwalimu, redio imesema wale wa Mashariki wameshavunja umoja wao. Adui hayupo. Sasa hawa wa Magharibi bado wanamngoja nani?"

Darasa likacheka. Nikahisi wananicheka mimi. Nilichokuwa nacho mkononi ni daftari nililonakili chuoni, kurasa zimeshakuwa njano, na ndani yake kambi zote mbili bado zilikuwa hai na nzima.

"Kaa chini!" nikamwambia. "Hilo haliko kwenye mtaala. Mdomo mrefu kama njia ya Mbamba Bay!"

Akakaa. Mimi nikaendelea kuandika ubaoni huku masikio yananiwaka.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane. Kupanga ni neno la heshima tu, maana baada ya miezi mitatu alikataa kuniita mpangaji, akawa anawaambia watu, "Huyu ni mwanangu, kazaliwa mbali kidogo." Alikuwa mfupi, mweusi sana, na cheko lake ulilisikia kabla hujaiona nyumba. Alisali kanisani kila alfajiri, lakini mimi nilipofunga Ramadhani yeye ndiye aliyeniamsha kula daku, na mwaka ule, mwezi wangu na Kwaresima yake vilipokutana, alifurahi mno. "Nyumba nzima imefunga," akasema. "Panya watahama."

Jioni ile nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwagia hasira zangu zote, mtoto gani yule, anamuuliza mwalimu maswali ya redio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto kauliza vizuri," akasema. "Wewe ndiye hujui."

"Mama!"

"Wewe umekasirika kwa kuwa hujui. Kaa hapa nikwambie."

Akaniambia kwamba mababu zao, Wamatengo, hawakuipenda milima hii kwa uzuri wake. Walipanda wakikimbia vita. Wangoni walikuwa wanakuja, wanachukua ng'ombe, wanachukua watoto. Mwanzoni kila ukoo ulikaa na mlima wake, hausemi na jirani, na wakachukuliwa mlima mmoja baada ya mwingine. Mpaka wakakubaliana juu ya baragumu. Likilia kwenye mlima wowote, anayelisikia anatupa jembe anakwenda, hata kama aliye huko amegombana naye jana.

"Sasa Wangoni wametuoa na sisi tumewaoa," akasema. "Bibi yangu mzaa baba ni Mngoni. Baragumu tuliliacha siku nyingi."

"Basi na umoja ukafa."

"Ufe wapi! Baragumu ndilo tuliloliacha. Kukusanyika hatukuacha. Siku hizi tunagonga jembe kwenye jiwe, tunakwenda kulima kwa mwenzetu. Ngokela hiyo unayoiona kila mwaka, wewe ulidhani ni pombe tu?"

Ngokela niliijua. Ni kazi ya pamoja: leo tunachimba kwako, Jumamosi ijayo kwangu, anayechimbiwa anapika. Nilichokuwa sijakijua ni jinsi inavyomhusu mtu kama mimi, na nilikijua upesi, maana mwaka uleule mama aliniombea kipande cha kulima.

Mlima wenye kipande hicho ulikuwa wa ukoo wa marehemu mumewe, na msimamizi alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu. Mimi nilimwita baba mkubwa. Mzee mrefu, mkavu, ambaye zamani alikuwa mgambo kwenye mpaka wa mto Ruvuma, na mpenzi wa redio kupindukia. Alinipenda kwa sababu alipata mtu wa kubishana naye habari za dunia. Siku nilipomweleza juu ya ule umoja wa Magharibi na kifungu chake cha tano, alinisimamisha katikati.

"Mreno alikuwemo?"

"Alikuwemo, baba mkubwa. Ni mmoja wa wale kumi na wawili wa kwanza."

"Ndege za Mreno zilikuja mpaka huku kwetu, mimi mwenyewe nimelala mtaroni. Sasa alikuwa anajihami na nani hapa Ruvuma? Na sisi?"

Akacheka, akaniambia niende nikasome tena. Lakini kuhusu shamba hakucheka. Wanunuzi wapya wa kahawa walikuwa wameanza kuingia vijijini na magari yao, wanalipa papo hapo, na yeye alikuwa anautamani mlima ule wote aupande kahawa. Akamwambia shemeji yake mbele yangu:

"Kipande nampa mwalimu kwa dhamana yako. Akikiharibu, cha kwake na cha kwako vinarudi kwangu vyote viwili, nachomeka kahawa. Ukubali usikubali?"

Mama alikubali bila hata kunitazama. Kipande chake hicho ndicho kilichokuwa kinamlisha. Wanawe wawili walikuwa wameshahamia Dar es Salaam na barua zao zilikuja kwa msimu. Angenyang'anywa kile, angebaki na migomba ya uani na huruma za watu, na mama yule na huruma za watu walikuwa hawaelewani.

Sasa lazima nieleze mlima wenyewe unavyolimwa, la sivyo kosa langu halitaeleweka. Wamatengo hawalimi matuta kama sisi. Wanachimba ngoro. Wanaume wanafyeka majani kwa nyengo, kisu kile chenye mpini mrefu, wanayalaza yakatane na kufanya miraba, miraba, mlima mzima. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuutupia udongo juu ya majani. Panabaki shimo lenye tuta pande zote nne, na maharage yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni na kutulia humo, yanazama taratibu. Shimo la juu linalilinda la chini yake, nalo linalinda linalofuata, hivyo hivyo mpaka bondeni. Vipande vya mlima wetu vilikuwa saba, vimepangana kutoka juu kushuka chini. Changu kilikuwa cha pili kutoka juu. Cha mama kilikuwa cha tatu, kimekaa kabisa chini ya changu.

Mwezi wa tatu ukafika, jembe likagongwa. Jumamosi ya kwanza tulikuwa tuchimbe kipande cha juu, cha mke wa katekista. Na mimi hapo ndipo nilipoharibu.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza tuisheni. Kila mwalimu alianza. Mshahara ulikuwa unaisha kabla ya kufika, na wazazi wenye kahawa walikuwa tayari kulipia masomo ya Jumamosi. Sasa niseme nini kwa akina mama? Ningesema ukweli wangenielewa, nina hakika leo. Lakini nilikuwa msomi, nikatafuta sababu ya kisomi. Nikasema, "Nimefunga jamani, nguvu sina." Wakanihurumia kweli kweli. Mke wa katekista akaniletea ndizi za kufuturu. Jumamosi ya pili nikasema vilevile. Ya tatu nikasema vilevile. Ewe Mola, nilikuwa nimefunga kweli, lakini nikaifanya funga yangu kuwa pazia la kujifichia, na nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kufundisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi zaidi, kwa sababu mtoto wa katekista alikuwa mwanafunzi wangu wa tuisheni na amekaa dawati la mbele. Akina mama walijua tangu Jumamosi ya kwanza. Zile ndizi za kufuturu mke wa katekista aliniletea akijua! Nikikumbuka nataka ardhi inimeze.

Zamu ya kipande changu ilipofika, sikuwa na uso wa kuwaita. Mama akaniuliza, "Nigonge jembe?" Nikamjibu kwa ukali asijisumbue, nina njia yangu. Kesho yake alikuwa na shughuli za jumuiya kanisani, kutwa. Mimi nikachukua wanafunzi kumi na watano wa bweni, kama walimu wote wa wakati ule walivyofanya, nikawapeleka mlimani na majembe ya shule. Wengi walikuwa watoto wa ziwani, Ngumbo na kwingineko. Wachapakazi hasa. Ndani ya saa nne walikuwa wamemaliza kulima na kupanda, matuta marefu, yamenyooka, yanatoka juu yanashuka mpaka chini, yamepangwa kwa kamba.

Kwao wanalima muhogo kwenye mchanga, ambako maji yakituama mzizi unaoza, kwa hiyo unayatengenezea njia yaondoke. Walilima kama walivyofundishwa na mama zao. Na mimi, mtoto wa tambarare ya Singida, nilisimama juu yao nikatazama mistari ile ilivyonyooka, nikasema, "Safi kabisa!" Nikawanunulia miwa.

Mvua ilinyesha Alhamisi mchana. Baba mkubwa alikuwa ameshuka mjini Mbinga kuonana na wanunuzi wa kahawa na alitarajiwa Jumamosi. Nilikuwa ofisini nasahihisha, nikasikia mabati yanapigwa na maji mpaka hatusikilizani, nikafurahi kwamba maharage yangu yatachipua.

Ilipokatika nilikwenda kutazama. Loo! Ile mifereji yangu iliyonyooka ilikuwa imeyabeba maji yote ya kipande na kuyamwaga kwa mama. Ngoro zake zimejaa, zimepasuka, moja imeibomolea ya pili, ya pili imeibomolea ya tatu. Maharage yake yaliyokuwa yamekwisha toa majani mawili mawili yalikuwa yamelala kwenye tope, mengine yako kwa jirani wa chini. Katikati ya shamba lake ulikuwa umechimbika mfereji ninaoweza kusimama ndani yake. Na vipande vinne vya chini vilikuwa vinangoja tu mvua ya pili.

Mama alikuwa amesimama pale, khanga yake imelowa. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona uso wake umetulia hivyo.

"Mama, nakwenda Mbinga sasa hivi. Namtafuta baba mkubwa, namwambia ni mimi, achukue cha kwangu tu."

"Nyamaza kwanza," akasema. "Nani alilima hapa?"

"Wanafunzi."

"Wa ziwani?"

"Wa ziwani."

Akatikisa kichwa. "Maskini, wamelima vizuri sana," akasema, akashika njia ya nyumbani.

Sikulala vizuri. Alfajiri, baada ya daku, nikiwa bado kwenye mkeka, nikasikia jembe linagongwa kwenye jiwe. Kwanza moja. Halafu upande wa pili wa bonde likajibu jingine, na jingine. Nikadhani kuna msiba. Nikatoka mbio, nikawakuta wako njiani, akina mama wa vipande vyote, na wengine wawili ambao hata kipande mlimani kwetu hawana. Wamejitwika majani yaliyofyekwa, mizigo na mizigo, na nyengo za waume zao wamezishika wenyewe. Mke wa katekista alikuwa mbele.

Nilimwamkia. Nikasema tu, "Mama, mimi sikuja kwenu hata mara moja."

"Tunajua."

"Nilidanganya."

"Tunajua, mwalimu. Mtoto wangu amefaulu hesabu za miaka za historia yako, tunashukuru." Wenzake wakaangua kicheko. "Lakini usijidanganye. Hatukuja kwako. Tumekuja mlimani."

Nikaenda mbio kwa mkuu wa shule, nikamweleza ukweli, wote, hadi wa tuisheni. Akasema, "Nenda. Na Jumatatu tuzungumze kuhusu miwa." Nikarudi nikaingia kwenye tope.

Tulibomoa matuta yote. Tukalaza majani miraba, tukachimba upya kipande changu, kisha cha mama. Mikono yangu ilitoka malengelenge kabla jua halijafika juu. Nilikuwa nimefunga, safari hii mbele ya macho yao, na kila mara mmoja wao akinikuta nimesimama alisema, "Pumzika mwalimu, nguvu huna," wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilistahili. Kuna aliyechimba, kuna mwenye mimba aliyeshika maharage ya mbegu tu, kuna bibi kizee aliyekaa kwenye jiwe akituambia wapi pamepinda. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini umeleta kidogo. Jua lilipozama walikuwa bado wapo, na mke wa katekista akanipa kikombe cha uji wa kufuturu kabla yeye hajanywa maji.

Jumamosi baba mkubwa akaja. Hakupitia nyumbani, alipanda moja kwa moja mlimani. Tulikuwa kila mtu kwenye kipande chake, tunajifanya tunapalilia. Akasimama juu ya kipande changu. Udongo mbichi, mweusi, wa jana. Kipofu angejua.

"Hapa pamechimbwa lini?"

"Pamechimbwa," akasema mke wa katekista.

"Nimeuliza lini."

"Shemeji," mama akasema, "pamechimbwa." Alikuwa anautetea mlima wake kwa neno moja, na anamtetea na yule aliyemponza. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba mkubwa, shikamoo. Ni mimi. Sikuja ngokela hata siku moja, nilisema nimefunga kumbe niko tuisheni. Nikaleta watoto wakalima matuta, mvua ikabomoa kwa mama. Hawa wamekuja jana kuziba. Chukua kipande changu. Cha mama kiache, nakuomba."

Mama alinitazama kwa macho ya kutaka kunipiga. Mzee akashuka polepole mpaka kwenye kipande cha mama, akapima kina cha shimo kwa mpini wa nyengo, akakanyaga tuta kwa kisigino, akakanyaga jingine. Halikuanguka. Akapima mashimo kama sita, na mimi namhesabia moyoni.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa. "Kile kifungu chenu cha tano. Kinasema mwenzenu asaidiwe hata kama kosa ni lake mwenyewe?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimeshakisoma upya, kwa aibu ya swali la yule msichana. "Hakisemi hivyo. Kinasema tu akishambuliwa, kila mmoja atafanya lile atakaloona linafaa."

"Basi mlikiandika haraka haraka," akasema. Akakiona kichaka cha majani kilichosahaulika pembeni, akainama akaanza kukifyeka. Mzee anayeutaka mlima kwa kahawa hawezi kufyeka majani ya kutengenezea ngoro za maharage. Mama aliona, akaketi chini palepale kwenye tope, akajifunika uso kwa khanga.

Adhabu yangu ilikuwa kuwapikia wote siku ya Idi. Nikaahidi pilau. Nilipokwisha ahidi ndipo nikakumbuka kwamba wako Kwaresima na wameacha nyama hadi Pasaka. Nikapika pilau ya usipa, vidagaa vya ziwani. Dunia haikuwa imewahi kuona kitu kama kile na nadhani haitaona tena. Walikula, wakasifu, na mke wa katekista akauliza kama kwetu Singida hicho ndicho chakula au ni adhabu yao wao.

Darasani nilimsimamisha yule msichana mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Uliuliza swali zuri nikakufokea kwa kuwa sikuwa na jibu. Nisamehe." Wakashtuka. Halafu nikawaeleza ngoro. Nikawaambia pengine umoja ukishaanza kwa hofu ya adui unaweza kubaki kwa kazi nyingine, na pengine waliokaa ndani yake wanaogopa kuuacha, kwa sababu hakuna anayejua mvua inakuja lini. Nikawaambia na habari ya Mreno, kwamba mtu anaweza kuwa amekingwa nyumbani kwake huku anabomoa kwa wengine. Yule msichana alisikiliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sisi tulio nje ya mlima? Sisi wa ziwani, maji yenu yote yanakuja kwetu."

"Sijui," nikasema. Na safari hii sikumfokea.

Nilihamishwa baada ya miaka miwili. Nimefundisha mikoa mingine minne. Nimeona wale waliokuwa kambi ya Mashariki wakibisha hodi mlango wa Magharibi na kufunguliwa, mmoja mmoja, na kila mwaka darasani nikaeleza ngoro kwa watoto ambao hawajawahi kuona mlima. Mama alikuwa ananiandikia, au tuseme mtoto wa katekista alimwandikia. Kisha miaka ikawa mingi, barua zikawa chache, na uvivu ni wangu.

Nilirudi kwa ajili ya mazishi yake. Ilikuwa mwezi wa tatu tena. Tulipomaliza kumlaza, nikapanda mlimani peke yangu, nilie mahali ambapo hakuna wa kunibembeleza. Baba mkubwa alikuwa ameshatangulia miaka mingi. Upande wa pili wa bonde ulikuwa kahawa tupu. Mlima wetu ulikuwa ngoro, vipande saba, umechimbwa wote.

Kipande cha mama kilikuwa kimechimbwa. Alikuwa kitandani tangu Krismasi, kwa hiyo nilijua ni nani waliochimba. Lakini cha juu yake, changu, nacho kilikuwa kimechimbwa, maharage yametoa majani mawili mawili.

Mke wa katekista alikuja nyuma yangu na fimbo yake, anahema. Nikamwamkia, nikamuuliza siku hizi pale amepewa nani.

"Pale? Pale ni kwa mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Kuna mwingine?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mama yako hakutaka apewe mtu. Alisema uko safarini. Basi tunakuchimbia, kila mwaka, zamu yako ikifika. Paachwe wazi, mlima si utashuka?"

Miaka yote ile. Nikauliza kitu cha kijinga, maana ndicho kilichonijia: maharage yake nani anakula.

"Tunakula sisi, wewe ulitaka tukuwekee?" Akacheka, kisha akalia, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga na kunisukuma bega. "Jumamosi tunachimba kwa mkwe wangu, kule chini. Usiniambie umefunga."

Sikuwa nimefunga. Nikaahirisha safari, nikaazima jembe.